Rimu za aloi zikianza kuliwa na kutu: namna ya kudai waranti bila kuzungushwa

Rangi ya rimu ikifura, vanishi ikibanduka, au ukiona unga mweupe ukichungulia kwenye matundu ya nati, jambo la kwanza ni kutulia na kutogusa kitu. Usipige msasa, usipulize rangi, usimkabidhi fundi "aiguse kidogo" huku ukisubiri nafasi ya kwenda kwa muuzaji. Rimu iliyoguswa haina dai. Mkaguzi wa kampuni akikuta mistari ya msasa au rangi isiyo ya kiwandani, mazungumzo yanaishia hapo, hata kama kosa lilikuwa lao tangu mwanzo.

Kuosha ni ruhusa: maji, sabuni laini ya gari isiyo na asidi wala magadi, na sponji. Basi.

Dai zima la rimu linasimama juu ya swali moja. Je, kutu ilianza yenyewe chini ya rangi, au ilipitia kwenye jeraha lililotoka nje, kama kukwaruza ukingo wa barabara au kupigwa na kokoto? La kwanza ni kosa la utengenezaji, na hapo waranti ina la kusema. La pili ni juu yako. Kazi yote iliyo hapa chini ni ya kulijibu swali hilo kwa picha na karatasi kabla mtu mwingine hajakujibia.

Hatua ya 1: Jua unachokitazama

Rimu nyingi za aloi ni alumini iliyochanganywa na silikoni, takribani asilimia 7, pamoja na magnesi kidogo. Alumini haitoi kutu nyekundu kama chuma. Ikiliwa hutoa unga mweupe au wa kijivu. Ikiwa wazi hewani hujifunika kwa utando mwembamba wa oksidi, na utando huo ndio unaoilinda. Maji ya kawaida hayaudhuru. Chumvi huutoboa, na kemikali kali huuyeyusha, iwe ni asidi (chini ya 4 hivi kwenye pH, kipimo cha ukali wa asidi na magadi) au magadi (juu ya pH 8.5 hivi). Ndiyo maana kiwandani rimu husafishwa kwa kemikali, ikapigwa praima, ambayo mara nyingi ni ya poda, kisha rangi, kisha vanishi. Tabaka zote hizo zikiwekwa pamoja kwa kawaida hazifiki robo milimita. Kinga yote ya rimu ni ngozi nyembamba kiasi hicho.

Sasa tazama ni ugonjwa gani ulio nao.

Kutu ya vijistari ndiyo ya kawaida, na ndiyo inayobishaniwa zaidi. Huanza mahali vanishi ilipo nyembamba au ilipopasuka, kisha husafiri chini yake kwa vijistari vyeupe vinavyopinda huku na huku kama njia za mchwa chini ya gome la mti. Kinachokula ni kichwa cha kijistari, chenye unyevu na chumvi. Mkia unaobaki nyuma ni mabaki tu. Haihitaji mvua. Hewa yenye unyevunyevu na chumvi kidogo iliyonaswa chini ya vanishi vinatosha, na ndiyo sababu gari linaloshinda limeegeshwa nalo hupatwa.

Rimu zenye uso uliokerezwa, zile zinazong'aa mbele huku ndani ya spoku zikiwa na rangi nyeusi au ya kijivu, ndizo zinazoongoza kwa ugonjwa huu. Hutengenezwa kwa kupaka rangi rimu nzima, kisha uso wa mbele unakerezwa kwa mashine mpaka alumini tupu itokee, halafu vanishi inapigwa juu ya alumini hiyo. Hakuna praima wala rangi chini yake kwenye uso huo. Isitoshe, pale uso uliokerezwa unapokutana na ubavu wa spoku panabaki kona kali, na vanishi ikiwa bado majimaji huikimbia kona, ikabaki nyembamba palepale inapohitajika zaidi. Kwa maoni yangu kiwanda kinachouza rimu ya namna hiyo kwenye gari la kila siku kinajua kinachofanya. Zinapendeza kwenye chumba cha maonyesho, baada ya hapo ni bahati yako.

Malengelenge ni pale rangi inapofura kwa uvimbe wa duara. Ukikuta moja limeshapasuka lenyewe, ndani utaona unga mweupe na alumini iliyofifia. Usilipasue mwenyewe. Malengelenge yaliyo mahali palipofichika, kama nyuma ya spoku, chini ya kifuniko cha katikati au ndani ya matundu ya nati, ni ushahidi mzuri mno, kwa sababu hakuna ukingo wa barabara unaofika huko.

Kuna pia kutu ya metali mbili kugusana. Habu, kile kitovu kinachofungiwa rimu, ni ya chuma; rimu ni ya alumini. Zikiungana zikaingiwa na maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Hii utaiona rimu ikigoma kutoka hata baada ya nati zote kufunguliwa, na utaiona kuzunguka virisasi vya balansi vilivyobanwa ukingoni, hasa kama vilipigwa nyundo vikakwaruza rangi. Hiyo ya virisasi usiipeleke kama kosa la kiwanda; ni kazi ya aliyebalansi, naye ndiye wa kudaiwa.

Rimu za kromu zina tabia yake. Kromu na nikeli zikipasuka mahali padogo tu, alumini iliyo chini hujitoa mhanga, na tabaka la juu hubanduka kwa maganda makali yanayoweza kukata kidole. Zishike kwa glavu.

Mwisho, kuna madoa yasiyo kutu ya rimu kabisa. Vumbi la breki lina chembe za chuma zenye moto. Zikitua kwenye vanishi hujipachika, kisha zikashika kutu ya kahawia. Rimu yenye vitone vya kahawia juu juu, bila uvimbe wala unga mweupe, inahitaji kusafishwa kwa dawa ya kuondoa chembe za chuma, ile inayogeuka zambarau ikizigusa, wala haihitaji waranti. Ukipeleka dai kwa madoa haya utajichafulia jina kwa dai la kweli litakalofuata.

Hatua ya 2: Angalia kama upepo unapungua

Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo inayoweza kugeuza kesi yako. Muuzaji akiona rangi iliyofura atasema ni urembo. Akiona tairi haishiki upepo hawezi kusema hivyo tena.

Jaza tairi zote kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, asubuhi kabla gari halijatembea. Andika. Pima tena baada ya wiki moja, asubuhi vilevile. Tairi moja ikiwa imeshuka kuliko wenzake na haina msumari, pulizia maji ya sabuni pale mdomo wa tairi unapokutana na rimu, pande zote mbili, na kwenye shina la valvu. Subiri. Kutu iliyoingia chini ya mdomo wa tairi haitoi mapovu makubwa ya kupasuka. Hutoa povu dogo jeupe linalojikusanya taratibu mahali pamoja, na usipokuwa na subira ya dakika kadhaa utaapa kwamba hakuna kitu. Piga video.

Kama gari lina vihisi vya upepo, angalia pia mashina ya valvu ya alumini. Kofia au moyo wa valvu wa shaba vikikaa humo na chumvi, shina huliwa mpaka kofia isifunguke, au livunjike ukilazimisha. Hilo ni dai tofauti na rimu, liandike kivyake.

Ukiona ufa kwenye rimu, acha hatua nyingine zote. Gari hilo halipaswi kutembea, na libebwe badala ya kuendeshwa kwenda kwa muuzaji.

Hatua ya 3: Tafuta waranti iliyo yako kweli

Kwenye bahasha ya gari jipya kuna dhamana zaidi ya moja, na kosa linaloua madai mengi ni kushika karatasi isiyohusika.

Watu hukimbilia ile ya kutu kwa sababu jina linavutia na miaka ni mingi, pengine 10 au 12. Isome vizuri. Hiyo karibu siku zote ni dhamana ya bodi kutobolewa na kutu kutoka ndani kwenda nje: bati la mlango au sakafu mpaka litoke tundu. Rimu si bodi. Ukiitaja hiyo kwenye barua yako, muuzaji anapata sababu rahisi ya kukukatalia na hasemi uongo.

Iliyo yako ni waranti ya msingi ya gari jipya, ile ya miaka kadhaa au kilomita kadhaa, chochote kitakachotangulia. Ndani yake tafuta kama rimu zimetajwa peke yake. Baadhi ya kampuni huzipa muda mfupi kuliko gari lenyewe, baadhi huziweka pamoja na rangi na umaliziaji, na baadhi hazizitaji kabisa, maana yake zinaangukia kwenye kifungu cha jumla cha kasoro za malighafi na utengenezaji. Kifungu hicho ndicho unachokitafuta. Kiwekee alama, andika namba yake.

Soma na vighairi, kwa sababu utakutana navyo tena kaunta: kokoto, chumvi ya barabarani, kemikali, mvua ya asidi, kinyesi cha ndege, "mazingira", kukosa matunzo. Ukivijua mapema unajua picha gani za kupiga.

Waranti ya kuongezea, ile uliyonunua baada ya ya kiwanda kwisha, mara nyingi huorodhesha rimu na tairi kati ya visivyolipwa. Soma dakika tano, ukikuta hivyo usipoteze muda nayo. Na kama rimu si zile zilizotoka na gari kiwandani, mdaiwa wako ni aliyekuuzia rimu. Kampuni ya gari haihusiki.

Juu ya karatasi hizi zote iko sheria ya nchi, ambayo haiandikwi na mtengenezaji. Katika Umoja wa Ulaya, Agizo la 2019/771 linambana muuzaji kwa kasoro inayojitokeza ndani ya angalau miaka 2, na kasoro ikionekana ndani ya mwaka 1 wa mwanzo huchukuliwa ilikuwepo tangu makabidhiano mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Uingereza ina Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015, ambayo mwanya huo wa kuthibitisha ni miezi 6. Marekani ina Sheria ya Magnuson-Moss ya 1975, ambayo miongoni mwa mengine inamzuia mtoa waranti kukulazimisha kutumia gereji yake au vipuri vyenye jina lake kwa malipo yako ili waranti ibaki hai. Popote ulipo, tafuta sheria ya mlaji ya kwenu na uangalie mambo mawili: inambana nani, muuzaji au mtengenezaji, na ni nani mwenye mzigo wa kuthibitisha.

Hatua ya 4: Kusanya ushahidi

Mali bila daftari hupotea bila habari, na dai la rimu ni vivyo hivyo. Chukua nusu siku uifanye kazi hii mara moja, vizuri.

Osha rimu, ziache zikauke kabisa, egesha kivulini. Jua kali huleta mng'ao unaoficha uvimbe. Kwa kila rimu piga picha moja ya mbali inayoonyesha gari na rimu pamoja, moja ya rimu nzima kutoka mbele, kisha za karibu kwa kila doa, ukiweka rula pembeni ili ukubwa ujulikane. Andika kwenye kikaratasi "mbele kushoto", "nyuma kulia" na tarehe, ukipige pamoja na rimu. Bila hivyo, ukifika kaunta utakuwa na picha ishirini za spoku zinazofanana na hujui ipi ni ipi.

Kwa doa lenyewe, tumia tochi. Iweke karibu ikilala sambamba na spoku, mwanga upite juu ya uso badala ya kuupiga moja kwa moja. Uvimbe ambao mchana huuoni utatupa kivuli, na kijistari kilichojificha chini ya vanishi kitaonekana kimeinuka mwanzo hadi mwisho. Sasa kifuate kurudi nyuma mpaka chanzo chake. Kikiishia kwenye kona safi, kwenye ukingo wa tundu la nati, au mahali laini pasipo na alama yoyote, umepata picha yako kuu. Ipige mara tatu. Kikiishia kwenye kitobo cha kokoto chenye mdomo uliomomonyoka au kwenye mkwaruzo, jua kwamba doa hilo si la kulitegemea. Pitisha ukucha: mkwaruzo wa ukingo wa barabara una makali, una mwelekeo mmoja, na alumini yake imesukumwa upande. Kutu ya chini ya vanishi ni laini juu, imeinuka tu.

Kisha tafuta marudio. Rimu nne zenye uvimbe mahali palepale, kwa mfano kila moja kwenye shingo ya spoku, haziwezi kuwa zimekwaruzwa na dereva mmoja kwa ustadi huo. Hilo ni kosa la kupaka rangi au la umbo la rimu. Na kama gari lako lina tairi ya akiba yenye rimu ya aloi ya aina hiyohiyo, itoe. Ni shahidi asiyeweza kuhongwa: ina umri sawa na wenzake ila haijawahi kukanyaga barabara. Ikiwa nayo imefura, hadithi ya kokoto imekwisha. Ikiwa safi, usiitaje kwanza, lakini ujue wanaweza kuiuliza.

Nyuma ya rimu kuna maandishi yaliyoinuka: upana na kipenyo, kwa mfano 7J×17, herufi ET na namba yake, namba ya kipuri, na muhuri wa tarehe ya kutengenezwa, mara nyingi duara dogo lenye mwezi na mwaka. Piga picha. Namba ya kipuri husaidia kuonyesha kwamba rimu ni ya kiwandani, na muhuri huonyesha kama zote nne zilitoka wakati mmoja au tofauti.

Karatasi unazohitaji ni chache: ankara au mkataba wa ununuzi, tarehe ya gari kuanza kuhesabiwa waranti, kumbukumbu za sevisi, na kitu chochote kinachoonyesha siku ya kwanza uliyolalamika. Ujumbe wa simu kwa muuzaji miezi mingi iliyopita, "rimu zimeanza kubadilika rangi", una thamani kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu waranti hutazama kasoro iliripotiwa lini. Ukiona dalili ndogo na waranti inakaribia kwisha, ripoti leo kwa maandishi hata kama hujamaliza picha.

Tafuta pia kama kampuni ilishatoa taarifa ya kiufundi kwa mafundi wake kuhusu rimu za modeli yako. Nchini Marekani, NHTSA, wakala wa serikali wa usalama barabarani, huweka hadharani mawasiliano ya namna hii kati ya watengenezaji na wauzaji, na kasoro ya rimu haibadiliki kwa kuvuka mpaka.

Hatua ya 5: Peleka dai kwa maandishi

Usianze na kaunta. Ukianza kwa mdomo utajibiwa kwa mdomo, na jibu la mdomo ni "hiyo haimo". Tuma barua pepe kwa meneja wa huduma, kisha ndiyo upeleke gari. Iwe fupi, isiwe na hasira, na isitumie neno "chumvi", "kokoto" au "mazingira" hata kwa kukanusha. Mfano:

"Kwa Meneja wa Huduma. Ninamiliki gari aina ya ..., namba ya chesisi ..., nililokabidhiwa tarehe .... Leo limetembea kilomita .... Rimu zote nne za kiwandani zimefura rangi na kutoa unga mweupe kuzunguka matundu ya nati na kwenye mabavu ya spoku, mahali pasipo na mkwaruzo. Niliona dalili mara ya kwanza tarehe .... Naambatanisha picha za kila rimu na kumbukumbu za sevisi. Naomba rimu zikaguliwe, kisha zibadilishwe chini ya kifungu ... cha waranti. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Endapo rimu yoyote itakataliwa, naomba sababu ya rimu hiyo na kifungu kilichotumika."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Inawalazimu kuitazama rimu moja moja, na mara nyingi matokeo huwa tatu zimekubaliwa, moja imekataliwa kwa mkwaruzo. Hayo ni matokeo mazuri, yachukue.

Siku ya ukaguzi kuwepo. Simama pale mtu anapopiga picha za kutumwa kwa kampuni, kwa sababu anayeamua hataliona gari. Ataona picha hizo tu. Mkaguzi akipiga picha ile rimu iliyokwaruzwa mara nne na zilizo safi mara moja, mwambie kwa upole: "Ndugu, naomba na hii ya nyuma kulia tuipige kwa karibu, doa halina alama ya nje." Watu wa kaunta si maadui. Wengi wanalipwa na kampuni kwa kazi ya waranti na hawapotezi kitu dai likipita. Wanachokiogopa ni kutuma dai bovu likarudishwa. Ukiwapa faili lililokamilika umewasaidia.

Hatua ya 6: Majibu utakayopewa, na ya kuyajibu

"Hii ni ya kokoto." Jibu: naomba unionyeshe kitobo. Kama kipo kwenye doa moja, kubali hilo moja na mrejeshe kwenye mengine yasiyo na kitobo, hasa ya nyuma ya spoku.

"Umetumia dawa kali ya kuoshea." Hili lina ukweli wake, kwani baadhi ya dawa za rimu zina asidi inayokula alumini na vanishi. Lakini asidi haichagui kona. Huacha uso mzima umefifia, wenye madoa ya michirizi ya kushuka, na huathiri pia kingo za nati na vifuniko. Rimu inayong'aa vizuri kila mahali isipokuwa kwenye vijistari vichache haikuoshwa kwa asidi. Kama gari limekuwa likioshwa kwenye gereji yao wakati wa sevisi, kumbusha hilo pia.

"Ni uchakavu wa kawaida." Uliza: kawaida ya miezi mingapi? Halafu nyamaza. Tairi huchakaa, pedi za breki huchakaa, kwa kuwa zimetengenezwa ziishe. Rimu haipo kwenye ratiba ya sevisi ya vitu vya kubadilishwa, na kitabu chao wenyewe kinathibitisha.

"Hukusevisi kwetu." Mabadiliko ya oili hayahusiani na rangi ya rimu, na mwenye kutaka kuyahusisha aonyeshe vipi.

"Hukuripoti mapema." Hapa ndipo ule ujumbe wa zamani unapotoka.

"Mazingira." Hili ndilo gumu, kwa sababu limeandikwa kwenye vighairi na halina mpaka. Hoja yako ni kwamba rimu ni kifaa cha nje ya gari, kinachouzwa kikijulikana kitakutana na maji, matope na hewa ya chumvi. Vanishi iliyopigwa sawasawa huyastahimili. Ndiyo kazi yake. Ongeza picha ya marudio: mazingira yangekula ovyo ovyo, hayangekula rimu nne mahali palepale.

Hatua ya 7: Wakikataa

Usirudi kaunta kuomba tena. Panda ngazi: ofisi ya wateja ya mtengenezaji mwenyewe, kwa barua ileile, ukiambatanisha kukataliwa. Muuzaji na mtengenezaji ni watu wawili tofauti, na wa pili ana mfuko ambao wa kwanza hana.

Kama waranti imepita kwa miezi michache, usidai, omba. Kampuni nyingi zina utaratibu wa kuchangia gharama kwa hisani, bila kukiri kosa, na huangalia umri wa gari, historia ya sevisi, na kama mteja amekuwa wao muda mrefu. Matokeo ya kawaida ni wao kulipa kipuri na wewe kulipa kazi, au mgawanyo mwingine wa asilimia. Kabla ya kukubali, soma kama wanataka usaini kwamba hutadai tena lolote kuhusu rimu hizo. Kwa nusu ya bei ya rimu moja, sahihi hiyo ni ghali.

Kama waranti bado iko ndani ya muda na wanagoma, lipia ukaguzi wa mtu huru, fundi wa rangi za rimu au mkaguzi wa magari, aandike sentensi moja tu: kutu ilianzia wapi. Ripoti ya ukurasa mmoja yenye picha huwa na uzito kwenye chombo cha usuluhishi au mahakama ya madai madogo kuliko barua kumi zako. Pima gharama kwanza. Kwa rimu moja yenye doa la sentimita mbili, mimi ningeiacha.

Hatua ya 8: Ukiamua kutengeneza mwenyewe

Kwa rimu iliyopakwa rangi nzima, kazi sahihi ni kutoa tairi, kuondoa rangi yote kwa kemikali, kupuliza mchanga laini, praima, rangi ya poda na vanishi. Anayetaka kupiga msasa doa moja na kupulizia juu anakuuzia miezi michache. Kutu ya vijistari inayobaki pembeni itaendelea na safari yake.

Muulize joto la tanuri na muda. Rimu za kumiminwa hupewa nguvu kwa kupashwa joto, na hatua ya mwisho ya kazi hiyo hufanyika kwenye nyuzijoto 150 hadi 170 hivi. Rangi za poda hukauka kwenye 180 hadi 200. Dakika chache zilizodhibitiwa ni kitu kimoja. Tanuri lisilo na kipimo na rimu iliyosahaulika humo ni kitu kingine, kwa sababu alumini hulainika bila kuonyesha dalili yoyote kwa nje. Fundi asiyejua jibu la swali hili usimwachie rimu.

Rimu ya uso uliokerezwa ikirudishwa kwenye kerezo hupoteza sehemu ya milimita ya alumini kila mara, kwa hiyo haikerezwi mara nyingi, na ugonjwa utarudi palepale kwenye ile kona. Ukichoka, iombe ipakwe rangi nzima. Haitang'aa vile, lakini itakaa.

Kwa tairi inayovujisha upepo mdomoni, tairi itolewe, kalio lake kwenye rimu lisuguliwe kwa brashi mpaka alumini safi, lifutwe vumbi, kisha lipakwe dawa ya kuziba mdomo. Mashimo yaliyokula ndani sana hayazibiki kwa dawa. Hiyo ni rimu ya kubadilisha.

Siku ya kupokea rimu, mpya au zilizotengenezwa

Hakikisha namba ya kipuri ni ileile, na waombe waandike kwenye ankara waranti ya kipuri kipya inaanza lini. Habu isuguliwe kutu kabla rimu haijarudi, na shingo ya habu ipakwe grisi kidogo sana isiyo na shaba. Nyuzi za boliti zibaki kavu, maana grisi huko hupotosha kipimo cha kukaza. Virisasi viwe vya kubandika kwa ndani, visiwe vya kubana ukingoni. Nati zikazwe kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu cha gari, na baada ya kilomita 50 hadi 100 uzirudie kwa spana hiyohiyo. Vanishi mpya iliyopigwa na fundi ipe wiki kadhaa kabla ya kuipeleka kwenye mashine ya kuosha yenye brashi, na tangu siku hiyo dawa yoyote ya rimu isiyoandikwa pH kwenye chupa ibaki dukani.